Jinsi ya Kumwingiza Mwenyeji wa Mbali Kwenye Timu Yako ya Mauzo

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nina mwenyeji yuko mkoa mwingine, anakusanya oda kuliko watu wangu wa karibu. Nimwambieje ajiunge?" "Nitamfundishaje mtu ambaye sijawahi kukaa naye chumba kimoja?" "Akijiunga, wageni wake wanakuwa wateja wa nani?" Badala ya kuyajibu vipandevipande, nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeuza kwa njia ya pati: mwenyeji anaita jamaa na marafiki, wewe unaonyesha bidhaa, wageni wanaagiza, kampuni inakulipa kamisheni na mwenyeji anapata zawadi yake. Nachukulia umeshaendesha pati kadhaa na katalogi yako unaijua. Kama bado, fanya hizo kwanza. Huwezi kumfundisha mtu kwa simu kazi ambayo wewe mwenyewe bado unaibabaisha.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usishangae ukiona hatua nyingi hazina neno "jiunge" ndani yake. Mwenyeji wa mbali anaandikishwa na pati yake mwenyewe. Ikiwa mzigo ulifika, wageni walipata walichoagiza na zawadi yake haikucheleweshwa, mazungumzo ya kujiunga ni mafupi. Ikiwa ilikuwa vurugu, hakuna hotuba itakayokuokoa.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Kanuni za kampuni yako za sasa, si zile ulizosoma ulipojiunga. Tafuta sehemu inayosema kampuni inafanya kazi wapi, na kama unaruhusiwa kumsajili mtu wa eneo au nchi nyingine.
- Mpango wa malipo, na uwezo wa kuueleza kwa maneno yako bila kufungua karatasi.
- Vifurushi vya mwenyeji: katalogi, fomu za oda, sampuli na barua ya maelekezo ya ukurasa mmoja.
- Kiungo cha kuagizia kilichosajiliwa kwa jina lako, kama kampuni inacho.
- Simu yenye kamera inayoonyesha rangi vizuri, kitu cha kuisimamisha, na taa inayokumulika kutoka mbele.
- Daftari au jedwali la kompyuta. Andika jina la mwenyeji, mji, tarehe ya kutuma kifurushi, tarehe ya pati, jumla ya oda, na maswali aliyouliza. Safu hiyo ya maswali ndiyo utakayoihitaji kuliko zote.
- Hesabu zako za kweli: uliuza nini, ulitumia nini, kilibaki nini. Kama huna, zitengeneze leo. Hatua ya 9 haiwezekani bila hizo.

Hatua ya 1: Hakikisha anaweza kujiunga

Wengi huanza na mtu, wanampenda, wanamwahidi, halafu wanagundua kampuni haijasajiliwa anakoishi. Geuza mpangilio huo. Kabla hujamtajia chochote, andikia ofisi ya kampuni uulize: je, naweza kumsajili mtu wa nchi hii? Oda zake zitatoka ghala gani? Atalipwa kwa fedha gani na kwa njia ipi? Pata jibu la maandishi.

Sheria zinatofautiana sana. China inaruhusu mauzo ya moja kwa moja (biashara ya kumfuata mteja nje ya duka, ambamo pati hizi zimo) kwa makampuni yenye leseni, lakini kwa kanuni za mwaka 2005 ilipiga marufuku malipo ya ngazi kwa ngazi yanayotegemea kuandikisha watu. India ilitoa kanuni zake za mauzo ya moja kwa moja Desemba 2021. Kilicho halali kwako kinaweza kuwa kosa kwake, na atakayegongewa mlango ni yeye.

*Tahadhari:* kuna ujanja wa kumsajili mtu kwa anwani ya ndugu yake aliye katika nchi ambako kampuni ipo. Usiuguse. Mzigo utakwama forodhani, akaunti itafungwa, na wote wawili mtapoteza kamisheni.

Hatua ya 2: Mtambue mwenyeji anayefaa

Anayefaa si lazima awe msemaji. Wachangamfu wengi wanaupenda usiku wa pati wenyewe. Kesho yake kazi ya kufuatilia oda inawachosha. Tazama dalili hizi:

Anauliza kuhusu kazi, si bidhaa tu. "Wewe hapo unalipwaje?" "Katalogi unanunua au unapewa?" Mtu haulizi gharama za duka asilolifikiria. Kila swali la aina hii liandike kwenye daftari, na tarehe yake.

Anawafuatilia wageni bila kukumbushwa. Unampigia kumwomba awakumbushe, anakujibu ameshawakumbusha.

Wageni wanamwuliza yeye. Wewe uko kwenye skrini unaeleza, lakini mgeni anamgeukia mwenyeji: "Na wewe umeitumia? Inafaa?" Hapo imani ya chumba iko kwake, na imani ndiyo inayouza.

Anaishi mahali ambapo huna mtu. Hili ni la hesabu tu: kila oda unayomtumia inaliwa na nauli ya mzigo, na mgeni anayetaka kubadilisha bidhaa hana mtu wa kumwendea. Ukimwambia baadaye kwamba eneo lake linahitaji mtu aliye karibu, utakuwa unasema kweli.

Mwenyeji anayependa zawadi tu mwache abaki mwenyeji. Ni mtu wa thamani, na ukimsukuma ajiunge utampoteza kote kuwili.

*Tahadhari:* mtu aliyebanwa na madeni atakubali haraka kuliko wote, na ndiye usiyepaswa kumwandikisha sasa. Pesa ya kwanza kwenye kazi hii hutoka mfukoni kabla haijaingia. Mpe pati nyingine apate zawadi, akitulia mtazungumza.

Hatua ya 3: Tuma kifurushi mapema

Mwenyeji wa karibu ukisahau kitu unarudi nacho jioni. Wa mbali hapana. Lenga kifurushi kifike wiki moja kabla ya pati, kisha rudisha hesabu nyuma kwa muda wa usafiri wa huko, uongeze siku kadhaa za dharura. Chukua namba ya kufuatilia mzigo na umtumie siku hiyohiyo.

Ndani weka katalogi za kutosha wageni wawili wawili kushirikiana, fomu za oda zenye jina na namba yako zimeshaandikwa, na bidhaa halisi chache. Sampuli zichague kwa kigezo kimoja: kile ambacho picha haiwezi kukieleza. Harufu, uzito, mguso, jinsi kifuniko kinavyofunga. Rangi na umbo katalogi itajitetea yenyewe.

Barua iwe fupi: fungua nini kwanza, nini kibaki kimefungwa hadi wageni wafike, nini kirudishwe na nini ni chake. Hapo pa mwisho paandike waziwazi, maana ndipo ugomvi mdogomdogo huzaliwa.

Kifurushi kikivuka mpaka, andika thamani ya kweli kwenye fomu ya forodha. Sampuli nazo zina thamani hata kama hukuzilipia.

Hatua ya 4: Mfundishe kualika

Mpigie simu ya dakika 20. Andikeni pamoja majina ya watu anaotaka waje. Aalike mmoja mmoja kwa jina, kwa simu au ujumbe wa sauti. Tangazo la jumla kwenye kundi kila mtu analisoma kama la mwenzake. Walioahidi hawafiki wote, kwa hiyo aalike karibu mara mbili ya idadi anayoitaka, kisha awakumbushe asubuhi ya siku yenyewe.

Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24 pamoja na jina la mji: "20:00, saa za mji wako". Nimeona pati ikiwa na wageni wote na muuzaji hayupo kwa sababu kila upande ulihesabu saa zake.

Hatua ya 5: Endesha pati, lakini mwachie mikono

Mtindo huu wa kuuzia majumbani ulishika kasi kwa sababu ya bidhaa zilizohitaji kuonyeshwa. Vyombo vya Tupperware vilikuwa vinadorora madukani kwa kuwa wanunuzi hawakujua kifuniko chake kinafungwaje. Mwaka 1951 kampuni ilivitoa madukani ikabaki na pati za majumbani, na kazi hiyo akakabidhiwa Brownie Wise, mwanamke aliyekuwa amejifunza pati akiuza bidhaa za kampuni ya Stanley Home Products. Kifuniko kilihitaji mtu wa kukibonyeza mbele ya wageni. Wewe uko kwenye skrini, mikono yako haifiki kule. Atakayebonyeza ni mwenyeji.

Kwa hiyo siku moja kabla, fanyeni mazoezi ya bidhaa mbili au tatu ambazo yeye atazionyesha. Wewe eleza, yeye atende. "Sasa dada atawaonyesha, tazameni mkono wake." Hii inaleta mauzo. Pia inamwonjesha kazi bila kumwuliza chochote: akishamaliza, ameshaonyesha bidhaa mbele ya watu na dunia haikuanguka.

Simu ya kwake ikae mahali ambapo wageni wote wanaonekana, na spika ndogo iunganishwe kama ipo. Kamera isishikwe mkononi. Maelezo yako yasizidi dakika 40. Kwenye skrini watu huchoka mapema kuliko wakiwa nawe chumbani. Acha muda uliobaki waguse, wacheke, waulizane bei bila wewe kuwatazama. Unaweza hata kuzima kamera yako robo saa na kubaki kwa maswali ya ujumbe.

Kama wageni wametawanyika na hakuna chumba, tumia kundi la WhatsApp la muda. Weka picha na video fupi kwa vipindi ulivyotangaza, na kundi lifungwe kwa tarehe iliyotajwa tangu mwanzo. Usiwaburute watu wiki tatu. Mauzo ya kundi kwa kawaida huwa madogo kuliko ya chumba, kwa hiyo usimhukumu mwenyeji kwa kipimo kimoja.

Kuhusu kazi yenyewe, sema sentensi moja tu wakati wa pati, ukiielekeza kwa wote: "Kama kuna anayetaka kujua kazi hii inafanywaje, aniandikie kesho." Ukimtaja mwenyeji mbele ya wageni wake unamweka kwenye kona. Atakubali kwa aibu, na kukubali kwa aibu hakudumu.

Hatua ya 6: Oda na pesa

Kila mgeni alipe mwenyewe, kwa kiungo au kwa simu, moja kwa moja. Mwenyeji asigeuzwe kuwa mkusanya pesa za marafiki zake ikiwa kuna njia nyingine. Kama hakuna, kila malipo yawe na risiti na picha ya risiti uipokee wewe siku hiyohiyo. Gharama ya usafirishaji itajwe kabla mtu hajaagiza. Funga oda ndani ya siku tatu hadi tano. Ukingoja aliyesema "mwisho wa mwezi", walioagiza mapema wataanza kunung'unika.

Wageni waambiwe pia haki yao ya kughairi. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara humpa mnunuzi siku tatu za kazi kwa mauzo yanayofanyika nyumbani yanayofikia dola 25 au zaidi. Umoja wa Ulaya unatoa siku 14 kwa manunuzi ya mbali na yale ya nje ya duka, isipokuwa bidhaa chache zilizotajwa na sheria. Kwingine kuna utaratibu wake. Mwenyeji akijua haya, wageni wanamwona ni mtu makini, na wewe unapata kuona kama ni mtu wa kufuata utaratibu.

Hatua ya 7: Toa zawadi kwa wakati

Hii ni fupi. Zawadi ya mwenyeji ni deni. Isicheleweshwe, isiambatanishwe na kujiunga, na isipunguzwe kwa sababu mgeni fulani alighairi baada ya hesabu kufungwa, isipokuwa kanuni za kampuni zinasema hivyo na ulimwambia mapema.

Hatua ya 8: Piga simu ya mwaliko

Usipige usiku wa pati. Furaha ya usiku ule itakubali lolote, na asubuhi itajuta. Subiri bidhaa zifike na wageni waanze kuzitumia. Simu ya kwanza iwe ya kuuliza kama vitu vimefika salama. Kama kuna kilichovunjika, malizeni hilo kwanza, hata likichukua wiki.

Halafu fungua daftari lako. Anza na swali lake, si na ofa yako:

"Dada, siku ile uliniuliza nalipwaje, nikakujibu juujuu kwa sababu wageni walikuwepo. Ungependa nikueleze vizuri?"

Akisema hapana, mshukuru, mwulize kama angependa pati nyingine baadaye, basi. Akisema ndiyo, eleza kwa dakika kumi: kazi ni nini, inachukua saa ngapi, anaanza na nini, analipwa kwa kipi. Kisha mwambie kwa nini umemfikiria yeye, ukitaja jambo uliloliona kwa macho yako: "Wageni walikuwa wanakuuliza wewe, si mimi. Na uliwafuatilia wote bila kukukumbusha." Sifa ya jumla kama "una kipaji" inasikika kama ya kukaririwa, na mara nyingi kweli imekaririwa.

Baada ya hapo nyamaza. Mwache aulize. Kama ana mwenzi au mzazi anayemshirikisha mambo ya pesa, pendekeza wewe mwenyewe azungumze naye kwanza na umwalike huyo mtu kwenye simu inayofuata. Wauzaji wengi huiogopa familia. Mimi naona afadhali maswali yao yaje kabla ya kusaini.

*Usiseme:* "nafasi zinaisha leo", "utaacha kazi", "hii si kuuza, ni kushirikisha tu". Ni kuuza. Anayeambiwa si kuuza atashangaa siku ya kwanza akitakiwa kuuza.

Hatua ya 9: Weka hesabu mezani

Hapa ndipo watu wa mbali hupotea, kwa kuwa hawaoni maisha yako. Wa karibu anaona unavyobeba mizigo na kurudi saa nne usiku. Wa mbali anaona picha zako tu. Mpe hesabu nzima. Mfano, kwa kipimo cha fedha yoyote, na asilimia ya kubuni ambayo utaibadilisha iwe ya kampuni yako:

Pati moja, mauzo 1,000. Kamisheni ya asilimia 25 ni 250. Toa katalogi na sampuli 40, usafiri na mizigo 35, intaneti na simu 15, mchango wako kwenye zawadi ya mwenyeji 30. Jumla ya matumizi ni 120, kinabaki 130. Sasa hesabu saa: kualika, mazoezi, pati yenyewe, kufuatilia oda, kugawa bidhaa. Zikifika 9, kila saa imempa 14 na kidogo, kabla ya kodi. Kifurushi cha kuanzia kikiwa 520, atakirudisha baada ya pati nne za namna hiyo.

Mwonyeshe pia mwezi wako mbaya. Picha ya malipo ya mwezi wako bora, bila nyingine, ni kumdanganya hata kama ni ya kweli. Wasimamizi wa biashara wanalichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 2016 kampuni ya Herbalife, nayo ya mauzo ya moja kwa moja, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kupanga upya biashara yake Marekani, kufuatia mashtaka ya Tume ya Biashara yaliyojumuisha madai ya kipato yaliyopotosha watu. Wewe si kampuni kubwa, lakini ujumbe wako wa WhatsApp unaosema "nimelipwa hivi, nawe utalipwa" ni dai la aina hiyohiyo.

Akiziona hesabu akasema hazimfai, umejiokolea miezi ya kumbembeleza.

Hatua ya 10: Ajisajili mwenyewe

Kwa mkono wake, barua pepe yake, akaunti yake ya benki au ya simu. Kaa naye kwenye simu ya video, msomee sehemu ngumu, lakini usimjazie fomu wala kushika nywila yake. Hakikisha amesoma vipengele vitatu: gharama za kila mwezi au mwaka kama zipo, kiwango cha chini cha mauzo ili aendelee kuhesabiwa muuzaji, na namna ya kujitoa.

Kwenye kujitoa, tafuta kifungu cha kurudisha bidhaa. Kanuni za maadili za Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mauzo ya Moja kwa Moja zinataka kampuni mwanachama, muuzaji anapojitoa, inunue tena bidhaa zinazoweza kuuzika alizozinunua ndani ya miezi 12 iliyotangulia, kwa bei aliyolipa ikipungua si zaidi ya asilimia 10. Kama kampuni yako haina kifungu kama hicho, ajue kabla hajasaini. Wewe nawe jiulize swali moja au mawili.

Anunue kifurushi kidogo kabisa kinachotosha kazi. Kumjazia mtu wa mbali stoo ni kosa baya kuliko yote katika mwongozo huu.

Hatua ya 11: Siku 30 za kwanza

Pati ya kwanza aifanye ndani ya wiki mbili, kwa mwenyeji mwingine, si kwake tena. Wewe uwe kwenye video kama msaidizi: yeye anaanza, wewe unajibu pale anapokwama. Ya pili aendeshe peke yake na wewe usikilize kamera ikiwa imezimwa. Baadaye mwambie mambo mawili aliyofanya vizuri na moja la kurekebisha. Moja tu.

Pangeni simu ya kila wiki, siku na saa ileile, hata kama hakuna la kusema. Umbali hufanya mtu adhani akinyamaza hakuna atakayegundua.

Sasa lile swali la wageni: ni wa nani? Jibu langu ni kwamba waliokuwa kwenye pati yake wanaishi karibu naye na walikuja kwa ajili yake, kwa hiyo mkabidhi, kwa njia ambayo kanuni za kampuni zinaruhusu. Waandikie mwenyewe: "Kuanzia sasa dada yenu ndiye atakayewahudumia." Utapoteza kamisheni ndogo za kuagiza tena. Lakini mtu aliyeanza na wateja kumi na mtu aliyeanza na sifuri hawafanani mwezi wa tatu.

Asianze kuandikisha wengine hadi awe na wateja wanaorudi. Hili si suala la mtindo tu. Katika shauri la kampuni ya Koscot la mwaka 1975, Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza upatu ni nini: watu wanalipa ili wapate haki ya kuuza bidhaa, na pia haki ya kulipwa kwa kuandikisha wengine, malipo ambayo hayahusiani na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 kampuni ya Amway, nayo ya mauzo ya moja kwa moja, ilipona kwenye kipimo hicho kwa sababu zikiwemo kanuni zake za kununua tena bidhaa, kutaka asilimia 70 ya bidhaa zilizonunuliwa ziuzwe, na kila msambazaji athibitishe amewauzia wateja kumi katika mwezi. Wateja kumi kwa mwezi ni lengo zuri la kumpa mtu wako mpya.

Mambo yakikwama

*Alikubali, halafu kimya.* Tuma ujumbe mmoja, subiri wiki, tuma wa pili unaompa mlango wa kutokea: "Kama umebadili mawazo hakuna tatizo, tutabaki vizuri." Wengi hujibu huo wa pili. Wa tatu usitume.

*Familia inasema ni upatu.* Usikasirike, na usijibu kwa methali. Watumie mpango wa malipo, kifungu cha kurudisha bidhaa na hesabu ya hatua ya 9. Waambie waulize: je, mtu anaweza kulipwa kwa kuuza tu, bila kumwandikisha yeyote? Kama kwenye kampuni yako jibu ni hapana, familia iko sahihi.

*Pati ilipata wageni wawili.* Iendeshe kama walikuja ishirini, fupi zaidi. Halafu chunguza alivyoalika. Karibu kila mara utakuta tangazo la kundi lililobandikwa mara moja. Jaribuni tena na majina mapya kabla ya kuzungumzia kujiunga.

*Intaneti inakatika katikati.* Rekodi video fupi za bidhaa zote za pati hiyo na umtumie siku mbili kabla, azihifadhi kwenye simu. Mawasiliano yakikatika anazionyesha na kuendelea, na wewe unabaki kwa simu ya kawaida.

*Mzigo umechelewa.* Wewe ndiye wa kwanza kusema, kabla mgeni hajauliza. Mpe mwenyeji ujumbe ulioandikwa tayari wa kuwasambazia, wenye namba ya kufuatilia na tarehe mpya. Usimwachie atunge maelezo ya jambo asilolijua.

*Kiongozi wa timu nyingine aliye karibu naye anamvuta.* Kama hajasaini, ni haki yake kuchagua. Mwulize atasaidiwaje vizuri zaidi. Ikiwa yule yuko mtaa wa pili na anafundisha vizuri, pengine ni bora aende kwake. Kama ameshasaini, kampuni nyingi zina kanuni za kuhama timu. Peleka suala ofisini na usiligombanie kwenye makundi.

*Anauza vizuri lakini hataki kuandikisha mtu.* Hakuna tatizo hapo. Mwache auze.

*Anataka kuacha.* Usimshawishi zaidi ya mara moja. Hesabuni pamoja bidhaa alizonazo, zipi zinarudishika, tarehe ya mwisho ya kuzirudisha ni lini, na nani analipa usafiri. Jaza naye fomu, mfuatilie hadi pesa zimwingie, kisha wape wateja wake namba yako.